Mkalimani wa Pimbi

Zamani, wanyama walipokuwa wakiishi mjini na kusengenyana madirishani kama tufanyavyo sisi, palikuwa na mji uitwao Bwawani. Uliitwa hivyo kwa ajili ya bwawa lake, na mwaka huo bwawa lenyewe lilikuwa limebaki tope na vyura wenye hasira. Mvua iliwapiga chenga msimu baada ya msimu. Mtama ulikauka ungali kimo cha goti la mbuzi, na wenyeji wakawa wakali. Ukimsalimu mtu, anadhani unataka kukopa.

Katika hali hiyo ndipo pimbi walipokuja.

Walishuka kutoka milimani, ambako koo mbili za nyati zilikuwa vitani kwa sababu ambayo hata nyati wenyewe walikwisha kuisahau. Nyati waliporomosheana mawe, wakachoma nyasi, na mapango walimozaliwa pimbi yakaanguka. Basi pimbi wakabeba watoto mgongoni, wakatembea hadi nyayo zikatoka malengelenge. Wakaingia Bwawani asubuhi kweupe, mlolongo mrefu wa viumbe wadogo waliojaa vumbi.

"Hawana mikia!" alisema Bi Kanga, akichungulia kwenye ufa wa dirisha. "Watu wazima na akili zao, hawana mikia!"

Bi Kanga alikuwa na vifaranga wengi, mtama kidogo, na mdomo usiojua siku ya mapumziko. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho mjini, ukutani kabisa mwa machimbo ya mawe. Hakuwa na roho mbaya. Ila akitazama kibaba chake cha mtama, kisha akitazama ule mlolongo, moyo ulimwenda mbio.

Mfalme Simba akaita baraza. Simba alipenda sifa kuliko nyama, na nyama aliipenda sana.

"Isije ikasemwa," alinguruma, "kwamba Simba wa Bwawani aliwafukuza wanyonge mlangoni pake. Watakaa machimboni. Na kila nyumba itawatolea chakula, kila asubuhi."

Wenyeji wakapiga makofi shingo upande.

"Mfalme," aliuliza Sungura, "tutazungumza nao vipi? Tangu wafike wanapiga miluzi tu."

Fisi alikuwa amelala nyuma ya baraza. Aliposikia neno chakula, sikio lake moja liliamka. Aliposikia kila asubuhi, akaamka mzima mzima.

"Mimi naijua lugha yao!" alipaza sauti. "Bibi yangu mzaa mama alinilea milimani!"

Akaitwa mbele. Mama Pimbi, aliyekuwa kiongozi wa wale wageni, naye akaja mbele, mwembamba kama uzi. Akamtazama Simba, akasema, "Kwii."

Fisi akakohoa kidogo. "Anasema: 'Ewe Mfalme, mwenye manyoya ya shingoni yang'aayo kama jua la asubuhi, sifa zako zilitufikia hadi milimani. Tunashukuru kwa makaribisho. Tunakula chochote, ila tunapendelea chenye mafuta mafuta. Na kwa mila zetu, kutazamwa wakati wa kula ni tusi kubwa. Kwa hiyo chakula akipokee huyu ndugu yetu Fisi.'"

"Yote hayo kwa kwii moja?" aliuliza Sungura.

"Lugha yao ni ya mkato," alijibu Fisi.

Simba alikuwa tayari anajichana manyoya ya shingo kwa kucha. "Watu wastaarabu sana hawa," alisema. "Fisi, kuanzia leo wewe ni Mkalimani wetu na Mkuu wa Mapokezi."

Fisi akashika madaraka kwa meno yote. Alichora mstari wa majivu kati ya mji na machimbo. Akawaonyesha pimbi ule mstari, kisha akaonyesha kwa kidole kwenye jumba la Simba, kisha akapitisha kidole hicho shingoni mwake. Pimbi hawakuhitaji mkalimani kuelewa hilo. Akageukia wenyeji, akawaambia: "Msiwasalimu, wanang'ata. Wakiwatolea meno, wanawalaani. Mkivuka mstari, mimi simo."

Tangu hapo, kila asubuhi wenyeji walipanga vikapu vyao mstarini na kuondoka bila kugeuka nyuma, kwa heshima ya mila za wageni. Fisi alivibeba hadi nyuma ya kichuguu, akajipweteka chini, akala. Alikula mtama, viazi, maboga, na mifupa ya supu kutoka jikoni kwa Simba. Kisha akajifuta mdomo na kwenda mjini kupeleka salamu.

"Wanasema asanteni sana," aliwaambia wenyeji, "ila jana mifupa ilikuwa michache."

Kila wiki salamu za wageni ziliongezeka urefu. Mara walitaka samaki wa kukaanga. Mara walitaka utumbo, usioshwe sana. Fisi akanenepa, mbavu zake zikapotea, kitambi kikamtangulia mlangoni. Akiulizwa, alisema ni uvimbe wa kazi nyingi.

Huku mjini manung'uniko yakaanza kuchemka, na mwenye kuuchochea moto alikuwa Bi Kanga.

"Vidogo vile, vinakula kama gharika!" aliwaambia majirani. "Na uvivu je? Jua likichomoza wanajianika juu ya mawe kama nguo zilizofuliwa. Mimi vifaranga wangu wanalala na uji mwepesi, wao wanataka samaki wa kukaanga!"

Majirani wakaitikia, maneno yakaenda yakirudi, hata ikafika siku wazee wa mji wakampelekea Simba ombi: pimbi warudishwe walikotoka. Simba akasema baraza litakaa baada ya siku tatu kuamua.

Fisi aliposikia hayo alihuzunika kwa dhati. Alihuzunikia vikapu.

Bi Kanga naye alipaswa kufurahi, lakini jambo moja lilimkera: kikapu chake kizuri, kile cha ukindu chenye mistari myekundu, hakikuwa kimerudi. Aliwaza usiku kucha. Wakiondoka, wataondoka nacho! Kulipopambazuka alikaza kilemba, akaruka mstari wa majivu, akaingia machimboni akiwa na maneno tayari mdomoni.

"Nani mwenyewe hapa? Nataka kikapu changu! Mtama mmekula, sawa. Na kikapu mtakula?"

Mama Pimbi alishtuka, akasimama mbele ya watoto wake. "Kwii," alisema.

"Usinikwii! Kikapu!"

"Kwii! Kwii!"

"Unanitolea meno? Unanilaani mimi, uliyenilia mtama wangu?"

Wakasimama pua kwa mdomo, kila mmoja akigomba kwa lugha yake, na kwa kweli hakuna aliyeshindwa. Mara mlinzi wa pimbi, aliyekuwa juu ya jiwe, alipiga ukelele: "Kwaa!" Kivuli cha Tai kilipita juu ya machimbo. Pimbi wote wakatoweka kama maji mchangani, na Bi Kanga akajikuta amevutwa kwa bawa na kusukumwa chini ya mwamba, amebanwa kati ya miili yenye manyoya, kilemba kimemfunika macho.

Alipokifunua, alitafuta kikapu chake.

Shimo lile lilikuwa tupu. Kikapu hakikuwamo, wala punje ya mtama, wala hata mwiba mmoja wa samaki. Palikuwa na magome ya mti yaliyotafunwa, na watoto wa pimbi wenye macho makubwa na shingo nyembamba. Mmoja aliona punje iliyonasa kwenye manyoya ya Bi Kanga. Aliichomoa polepole, akaiuma katikati, nusu akampa mdogo wake.

Bi Kanga akakaa chini. Mama Pimbi akaweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe, tumbo lililoshikana na mgongo, akasema taratibu, "Kwii."

"Njaa," alisema Bi Kanga. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata yeye hakuitambua. "Yaani siku ile mbele ya mfalme... ulisema njaa tu?"

"Nyaa," alijaribu Mama Pimbi.

"Njaa. Njaa, shoga yangu."

Bi Kanga alirudi nyumbani mbio, akakomba kibaba chote, akarudi nacho chini ya bawa. Aliona aibu hata kuwatazama wale watoto wakila. Na kwa kuwa hakuweza kukaa kimya muda mrefu, na kwa kuwa Mama Pimbi alikuwa na masikio mepesi, akaanza kumfundisha maneno. Hili jiwe. Huu mtama. Yule mwizi. Siku hiyo nzima na siku iliyofuata hakuondoka machimboni ila kwenda kuchota uji. Mama Pimbi aliyadaka maneno kwa pupa, na aliyadaka kama alivyoyasikia, pamoja na mbwembwe zake zote.

Jioni, Bi Kanga akamwendea Sungura na kumweleza yote.

"Nitamwambia Mfalme sasa hivi!" alisema.

"Ukimwambia Simba kuwa amedanganywa, atamla aliyemwambia," alisema Sungura. "Simba haambiwi. Simba huachwa aone mwenyewe. Rafiki yako anajua maneno mangapi?"

"Machache. Ila ni yale ya maana."

"Basi kesho nyamazeni. Unaweza kunyamaza?"

"Nitajaribu," alisema Bi Kanga, na ilikuwa ahadi kubwa kuliko zote alizowahi kutoa.

Baraza likajaa. Pimbi waliketishwa mbele, wamekumbatiana. Simba alikaa juu ya jiwe lake, na Fisi akasimama kando, kitambi mbele.

"Wageni," alisema Simba, "mji wangu unasema mnakula kupita kiasi. Mna la kujitetea?"

"Kwii," alisema Mama Pimbi.

"Anasema," alianza Fisi huku akifuta jasho, "'Ewe Mfalme mwenye manyoya kama jua, tukiondoka, nani atakusifu? Tutapunguza samaki. Mifupa tu inatosha.'"

Bi Kanga alijiziba mdomo kwa mabawa yote mawili.

Sungura akainuka. "Mfalme, Bwana Fisi ametusemea mengi kutoka kwao. Bado hatujamsikia akisema nao. Kabla hatujaamua jambo zito, awaite wasogee karibu yako, kwa lugha yao. Neno moja tu, maana lugha ni ya mkato."

"Jambo dogo," alisema Simba. "Fisi, waite."

Kijasho chembamba kikamtoka Fisi. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Kwii asingethubutu, sifa za mfalme zilikuwa zimo humo. Akakumbuka sauti nyingine aliyowahi kuisikia machimboni, akavuta pumzi, akapiga kwa nguvu zake zote:

"KWAA!"

Pimbi wakalipuka. Kufumba na kufumbua hapakuwa na pimbi barazani. Walikuwa chini ya viti, ndani ya makapu, chini ya sketi ya Mama Bata. Na wengi wao, kwa kuwa palikuwa pazito na penye kiza kizuri, waliingia ndani ya manyoya ya shingo ya Simba. Mfalme alibaki ameduwaa, kila upande wa kichwa chake macho madogo yakichungulia.

"Wamesogea kweli," alisema Sungura.

"Fisi," alisema Simba kwa upole wa kutisha, "umewaambia nini?"

"Nime... nimewaambia karibuni, Mtukufu. Ni mila yao, huingia—"

"Mwongo!"

Sauti ilitoka chini ya sikio la mfalme. Mama Pimbi alitokeza, akashuka bega la Simba, akasimama mbele ya Fisi na kushika kiuno.

"Mwongo wee! Kwaa ni Tai. Kwii ni njaa. Mimi sema njaa, wewe sema manyoya! Watoto wangu kula magome ya mti, wewe kula kikapu na mpini wake! Tumbo kama pipa, haya huna hata ya kuazima! Tazama huyu, jamani! Nyoo!"

Kila mtu aliijua sauti ile, na jinsi ile ya kusonya, na kiuno kile. Vichwa vyote vikamgeukia Bi Kanga.

"Nimemfundisha salamu tu," alisema Bi Kanga.

Baraza zima likaangua kicheko, hata vyura bwawani wakacheka bila kujua sababu. Fisi alijaribu kuondoka kwa staha, lakini kitambi kilikwama kati ya viti viwili. Watu wakaenda nyuma ya kichuguu, wakakuta vikapu vyao vimepangwa kama mlima.

Simba hakucheka mpaka alipohakikisha hachekwi yeye. Kisha alinguruma, "Nilijua tangu siku ya kwanza! Nilikuwa namlegezea kamba tu." Hakuna aliyembishia. Akahukumu kwamba Fisi avuliwe vyeo vyote, na kwamba kila asubuhi abebe vikapu vya mji mzima hadi kwa pimbi, mdomo ukiwa umefungwa kwa kamba ya mkonge, na Mama Pimbi ndiye amfungue.

Mstari wa majivu ulifagiliwa siku ileile. Mvua ilipokuja, pimbi walitoka machimboni wakaanza kupanga vyumba mjini na kulima pamoja na wenyeji. Si kwamba wote walipendana. Mbuzi aliendelea kulalamika kuhusu miluzi ya alfajiri, na pimbi walisema waziwazi kwamba uji wa Bwawani hauna ladha. Lakini sasa waligombana ana kwa ana, kama majirani, kila mmoja akijua anachotukanwa.

Wenyeji walipowasimulia watoto wao habari za Fisi, walimalizia hivi: njia ya mwongo ni fupi.