Waulize Mbayuwayu Wako

Paukwa!
— Pakawa!
Sauti gani hiyo, kama mmelala na njaa? Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa kijiji, kijiji kikawa na ghala, ghala likawa na ufunguo mmoja. Ufunguo huo ndio uliotoa watu roho. Sogeeni.

Hapo kale, kale ya ndege kugawa vyeo, palikuwa na kijiji chini ya mlima. Mbegu zote za kijiji, mahindi, mtama na kunde, ziliwekwa ghala moja. Aliyefunga ufunguo kiunoni aliitwa Mtunza Mbegu. Hakulima shamba la Jumbe. Hakushika zamu kisimani. Kwenye shughuli alipakuliwa wa kwanza, tena nyama. Job security, wenzangu!

Mtunza akafa. Nani arithi? Mila ilisema: mbayuwayu wakijenga ukutani kwa nani, huyo ndiye. Basi. Hiyo ndiyo interview.

Sasa palikuwa na Mwasiti. Mwasiti alimsaidia marehemu miaka saba, kuanika, kupepeta, kuchagua. Aking'ata punje moja anakwambia imekaa juani siku ngapi. Qualified kabisa! Na jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikaa Sikudhani. Sikudhani alijua nini? Kusuka mikeka na kucheka. Mtu mwema, sikatai. Lakini mbegu? Huyo angepanda mchele.

Asubuhi moja wakaja mbayuwayu wawili, mgongo wa buluu, mkia kama mkasi. Wakatua kwenye tope nyuma ya bafu la Mwasiti. Wakadonoa, wakaruka, wakabandika kwa Sikudhani. Wakarudi, wakadonoa, wakaruka, wakabandika kwa Sikudhani. Wakarudi tena...
— Wakabandika kwa Sikudhani!
Mwasiti akashika kiuno. "Tope langu! Maji yangu ya kuoga! Halafu cheo kiende kwake?"

Nyie mngelala?
— Tusingelala!
Naye hakulala. Akafukia tope lile kwa mchanga. Ndege wakahamia mtoni, wakaendelea kujenga. Akafinyanga kiota chake mwenyewe, akakibandika chini ya paa lake, akakipaka na kinyesi cha ndege alichokwangua kwa jirani. Forgery, ndiyo. Akangoja wapangaji. Siku ya tatu wapangaji wakaja: nyigu.

Jumbe alipopita kukagua, alimkuta Mwasiti jicho moja limefumba. Kwa Sikudhani alikuta makinda wanne wamepanua midomo. Ufunguo ukafungwa kiunoni mwa Sikudhani. Vigelegele!

Majirani wakamwambia Mwasiti, "Kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga. Wahenga walisema."
"Wahenga walikuwa na kazi," akajibu Mwasiti. "Ndiyo maana wakapata muda wa kusema."

Mavuno yakaingia. Sikudhani hakuona aibu kuuliza. Akaja uani.
"Dada Mwasiti, mbegu huanikwa siku ngapi?"
"Waulize mbayuwayu wako."
Akarudi. Wiki ikapita, akaja tena.
"Dada, samahani. Jivu la kuchanganya na mbegu ni la kuni zipi?"
"Waulize mbayuwayu wako."
Akarudi. Mwezi ukapita, akaja mbio, kiganja kimejaa vumbi jeupe.
"Dada yangu, mahindi hayajasagwa. Huu unga chini ya mlango wa ghala unatoka wapi?"

Mwasiti aliujua unga ule. Fukusi, wale wadudu wa nafaka, walikuwa mezani, wanakula kijiji kizima. Na siku ile ile, kwa jua na jivu, nusu ya mbegu ingepona. Nusu! Ulimi ukamwasha. Akafungua mdomo. Kisha jicho lake likatua kwenye ule ufunguo, unaning'inia kiunoni mwa mwenzake, unang'aa.
Haya, alisemaje?
— Waulize mbayuwayu wako!
Hivyo hivyo.

Mvua ikanyesha. Watu wakapanda. Siku nne, kimya. Siku saba, kimya. Siku ya kumi wakafukua mashimo: maganda matupu. Na mbayuwayu? Walikuwa angani, wanajilia kumbikumbi. Mbayuwayu hajala punje ya mahindi tangu aumbwe. Mambo ya ghala atayajulia wapi? Vizazi na vizazi, hakuna aliyejiuliza hilo.

Baraza likakaa. Jumbe akafoka, "Sikudhani!"
"Jumbe, mimi niliomba lini? Ndege walikuja wenyewe. Ufunguo mlinifunga wenyewe. Nilipokwama nilimuuliza dada. Mara tatu."
Macho yote kwa Mwasiti.
"Ulijua?" Jumbe akamuuliza.
"Nilijua."
"Na shamba lako wewe, ulipanda mbegu gani?"
Mwasiti akatazama vidole vya miguu. "Hizo hizo."
"Wanao watakula nini?"
Mwasiti akajifunika uso kwa kanga.
"Mbona hukusema, mwanamke wewe?"
Hapo Mwasiti akainua uso, machozi yanamtoka. "Mlimuuliza ndege! Miaka saba napepeta mbele ya macho yenu, kuna hata mmoja aliyeniuliza mimi?"

Ilikuwa kweli. Lakini ukweli hauchemki ukawa uji.

Jumbe akasimama. "Mila hii inakufa leo. Mtunza Mbegu atakuwa anayezijua mbegu." Akaufungua ufunguo kiunoni mwa Sikudhani, akaufunga kiunoni mwa Mwasiti. Cheo chote, heshima zote. Kigelegele? Hata kimoja.

Mwasiti akaenda ghalani. Akafungua. Akachukua ungo akapepeta, akapepeta, akapepeta mpaka jua likazama. Punje nzima hakuona. Akatoka, akavuta mlango, akageuza ufunguo mara mbili, wezi wasije wakaiba vumbi.

Ngano yangu nimeitua hapo, mzigo si wangu tena. Aliyecheka, kacheka. Aliyejiona ndani yake ainuke polepole aende kwao, hatutamtaja jina.