Mbio za Kiwavi Mwenye Njaa

Tuseme kuna mama mmoja, kwenye nchi ya miforosadi, anafuga viwavi wa hariri kwenye nyungo nyuma ya jiko. Kazi yake ni kukata majani ya miti hiyo, kulisha, kukata tena, maana kiwavi anakula leo chakula cha kesho. Akishakuwa nondo hali tena kitu. Mabawa, mayai, vyote vinatoka kwenye mafuta aliyojiwekea akiwa mdogo. Na mama huyu alibakiwa na kundi moja tu la viwavi wa mbegu. Hao wasipotaga, ufugaji wake umekwisha.

Jua likawaka, majani yakaadimika, akawa anawatupia kiganja kimoja asubuhi, basi. Mara viwavi wakaanza kuhangaika, wanapanda kingo za ungo, wanainua vichwa, huku, kule, hawatulii. Wifi yake akachungulia.

"Wifi, wanao leo wana harusi? Mbona hawakai chini?"

"Wameiva hao. Kiwavi akiiva anaacha majani, anainua kichwa, anatafuta pa kusokota nyumba yake."

"Au wana njaa?"

"Mwenye njaa analala, wifi yangu. Hawa si unaona wanavyokimbia?"

Ni kweli, kiwavi aliyeiva hufanya hivyo. Lakini aliyeiva ukimwinua kwenye mwanga, mwili wake unapitisha nuru. Mama hakumwinua hata mmoja. Amwinue wa nini? Jibu lake lilishampumzisha na kukata majani. Akawahamishia kwenye vijiti vya kusokotea, akafunga mlango.

Sasa ndani ya kiwavi mwenye njaa mambo huenda hivi: mafuta yanatolewa ghalani, damu inayabeba kama mchukuzi, inayashusha kwenye misuli, ili mwenyewe apate nguvu ya kuzunguka akitafuta jani. Zile mbio zote, anayachoma mabawa yake. Anayachoma mayai yake. Na mwenye kumlisha amesimama pale, anazisifu.

Wachache walisokota nyumba nyepesi, ukiishika unaona kidole chako upande wa pili. Wengi walikauka vijitini. Siku ya nondo kutoka alitoka mmoja, mabawa yamekunjamana, hakutaga.

Wifi akamtazama, akasema taratibu, "Kumbe walikuwa wanaomba."

Nyungo zikaoshwa, zikaanikwa, zikarudi kupepetea mahindi.

Haya, na sisi? Yupo mwenzetu amejifungua juzi tu. Tunamwona kisimani, tunamwona anafagia kanisa, mtoto mgongoni, anacheka na kila mtu, haketi, na sisi tunasema, jamani yule ana nguvu, Mungu kambariki. Nani amemwinua kwenye mwanga? Nani amemuuliza, mama, jana ulikula nini? Hatuulizi, kwa sababu tukiuliza akatujibu itabidi tukakate majani. Tunaogopa jibu. Yeye naye anaogopa, kila akimweka mtoto kwenye titi anaogopa maziwa hayatatoka, lakini anaendelea kutembea, maana akikaa chini atasikia njaa yake yote kwa mara moja.

Kwa hiyo tukitoka hapa, mtu asiniambie mfano ulikuwa mzuri. Pitieni nyumbani mchukue unga, mwende kwake, mkoroge uji, mmwambie aketi. Msiondoke mpaka amalize bakuli.