Wazee wa Paa

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Kingo zimefumuka, rangi imekwisha, na mgeni akibisha hodi mwenye nyumba huusukumia mvunguni kwa aibu. Lakini mkeka huo unazijua mbavu zako. Msala upitao unapendeza macho, ila una mwenyewe, na anakokwenda nao hukujui. Fundi simu mmoja aliyajua haya maji yakiwa yameshamwagika, na maji yakimwagika hayazoleki.

Fundi huyo alikuwa na kaka yake, fundi wa kuezeka mapaa. Siku moja mvua iliacha utelezi juu ya mabati, kaka mtu akaukanyaga, akaanguka chali kabla hajapata kupiga ukelele. Wenzake wanne wa kazini ndio waliomwinua. Walimlaza juu ya bati jipya wakambeba hivyo hadi barabarani, huku bati likilia kama linaomboleza. Tangu hapo akawa mtu wa kulala chumba cha mbele, uso ukielekea dirishani, mwili wote umemgomea isipokuwa shingo, ulimi na vidole viwili vya mkono wa kulia.

Mdogo mtu alikunja waya mnene akatengeneza kishikizo, simu ikakaa mbele ya macho ya kaka yake na chini ya vidole vyake. Humo akamwekea mchezo wa falme. Kila mchezaji ana mji wake, ukuta wake na majeshi yake, na anayeangushiwa mji hufutwa kabisa, jina na bendera. Kaka aliupenda mchezo ule kama mwenye kiu anavyopenda maji. Katika dunia nzima hapakuwa na kitu kingine kilichokwenda pale alipokiambia nenda.

Akaunda kikosi, akakiita Wazee wa Paa. Makamanda wake aliwapa majina ya wale wenzake wanne: Msumari, ambaye kazini alibana misumari kwa meno, Ngazi, mrefu kama jina lake, Babu Kamba, na Kicheko, asiyecheka hata akitekenywa. Wenyewe hasa walikuwa wakija kumjulia hali mwanzoni. Kisha miguu ikawa mizito, na hakuwalaumu, kwani kila mtu na mzigo wake. Lakini wale wa kwenye simu waliitika kila walipoitwa. Walipigana, wakazeeka pamoja naye, na kando ya bendera yao ya buluu moyo mdogo mwekundu ulikuwa umejaa hadi ukingoni.

Moyo huo ndio siri ya mchezo. Kuna njia nyingine ya kupata jeshi, nayo ni hongo. Unampeleka mjumbe na mfuko wa dhahabu kwenye kambi ya adui, anamnong'oneza kamanda, na kikosi kizima kinageuza bendera pasipo tone la damu. Kikosi chenye moyo uliojaa hakinunuliki. Chenye moyo mtupu, kama kile kinacholazwa na njaa, humfuata mwenye mfuko mzito.

Baadaye kidole kimoja nacho kikalala, kikabaki cha gumba peke yake. Muuguzi alipokipima alikunja uso, akasema kitumike kwa upole, maana hicho nacho hakina ahadi. Basi ndugu wale wakagawana ufalme. Kaka aliuendesha polepole nyumbani, na mdogo mtu akauendesha kwa simu yake kwenye kibanda chake, katikati ya simu zilizofumuliwa. Kosa lake la kwanza lilikuwa dogo kama punje ya haradali: hakumwambia mtu kwamba ufalme ule si wake. Watu walimsifu, naye sifa zikamkolea.

Ng'ambo ya njia palikuwa na Kinyozi, bingwa wa mchezo ule mtaani, mwenye ulimi mkali kuliko wembe wake.

"Fundi!" alipiga kelele siku moja, mteja kiguo shingoni. "Jeshi lako linatembea kama konokono mwenye mimba. Nakungojea ukutani, au nikutumie bajaji?"

Mteja alicheka hadi akakatwa vibaya. Fundi alitabasamu kwa meno tu, moyoni kukiwaka.

Wiki ile aliona jambo. Vikosi vya Kinyozi vilivyopiga kambi mpakani vilikuwa na mioyo mitupu, kama askari waliosahauliwa na mwenye nyumba. Akampeleka mjumbe na mfuko. Kufumba na kufumbua bendera nyeusi ikageuka buluu. Akapeleka wa pili, mambo yakawa yale yale. Waliokuja kutengenezewa simu wakamshangilia, naye akavimba kichwa. Kumbe vita ni rahisi hivi!

Jioni kaka mtu alitazama kioo cha simu, akauliza, "Dogo, hawa wageni langoni ni nani?"

"Wa Kinyozi. Nimewanunua."

"Mbona mioyo yao mitupu?"

"Itajaa tu."

"Haijai. Aliyekuja kwa mfuko ataondoka kwa mfuko."

"Kaka, wewe unapigana vita kama unaezeka nyumba. Bati moja, msumari mmoja, bati moja, msumari mmoja..."

"Na nilizoezeka hazivuji."

Mama yao, aliyekuwa akimfuta mwanawe miguu, aliinua macho darini. "Na hili beseni nililotega hapa?"

"Hii sikuezeka mimi, mama. Hii tumepanga."

Wakacheka wote watatu. Ilikuwa mara ya mwisho chumba kile kusikia kicheko cha namna hiyo.

Kesho yake Kinyozi aliongeza majeshi mpakani, nayo yalikuwa na njaa vilevile. Fundi alitaka kuyanunua yote, lakini hazina ilikuwa imekauka. Akatafuta pa kupunguza. Wazee wa Paa walikuwa wakilipwa zaidi ya wote, kwa kuwa walikuwa wakongwe. Aliligusa jina lao, pakatokea maneno mawili: vunja kikosi. Mkono wake ulisita. Angeweza kumpigia kaka yake simu, lakini saa ile kaka huwa amemeza dawa na amelala. Tena angekataa. Fundi akajipa moyo kwamba akishinda atawaita upya, na kaka mwenyewe atampongeza. Akabonyeza.

Msumari, Ngazi, Babu Kamba na Kicheko walitoweka kama moshi. Dhahabu yao ikaingia kwenye hazina, ikatoka kwa mlango wa pili. Baadaye, alipojaribu kuwaita, hakuwaona popote. Kikosi kikivunjwa kimevunjwa.

"Dogo," kaka aliuliza jioni, "Wazee wako wapi? Siwaoni mahali pao."

"Nimewapeleka mpakani, upande wa milimani. Huko ukungu unawaficha."

"Ungeniambia. Wale hawalali vizuri wakiwa mbali na nyumbani."

Fundi alijifanya anakohoa, akatoka nje.

Siku ya mapumziko ilipofika mawingu yalikuwa yametanda toka asubuhi. Mama alikuwa jikoni. Ndugu wawili walikuwa pamoja chumbani, mmoja kitandani na mwingine juu ya kigoda, simu ilipopiga ngoma ya hatari. Majeshi ya Kinyozi yalikuwa yamefika ukutani. Nayo hayakurusha hata mshale. Walitoka wajumbe tu, wengi kama siafu, kila mmoja na mfuko wake, wakaenda moja kwa moja kwa wale wageni waliowekwa kulinda lango.

Bendera ya kwanza ikageuka nyeusi. Ikafuata ya pili. Lango likafunguliwa kutoka ndani.

Kaka mtu hakutikisika. "Waache waende, hawakuwa wetu. Waite Wazee."

Fundi aliikodolea macho simu.

"Waite, dogo. Msumari akisimama kwenye kona ile hapiti mtu."

"Kaka..."

"Huko milimani si mbali. Waite."

"Hawapo, kaka. Niliwavunja. Nilitaka dhahabu ya kuwalipa hawa."

Kaka hakufoka. Laiti angefoka! Kidole gumba kilijikokota juu ya kioo, kikafika pale Wazee wa Paa waliposimama siku zote, kikagusa ardhi tupu. Kikagusa tena. Moto ulipanda kutoka lango hadi hazina, kutoka hazina hadi mnarani, kisha kioo kikawa cheupe, na maneno yakatokea: Ufalme huu umekwisha. Anza upya?

"Tuanze upya!" Fundi alipiga magoti kando ya kitanda. "Nitakushikia mkono, kaka. Tutawaita majina yale yale."

"Majina yale yalikuwa na wenyewe." Kaka alifumba macho. "Walinibeba mara mbili, dogo. Mara ya kwanza juu ya bati." Hakumalizia. Akaita, "Mama! Njoo unigeuze. Nataka kuangalia ukutani."

Siku iliyofuata Kinyozi alimsubiri Fundi kibandani, meno yote nje. "Bwana mkubwa! Niliwalaza na njaa makusudi, nikakupa wageni, ukawapa funguo kwa mkono wako mwenyewe! Leo ninakunyoa bure, kichwa kizima!"

Fundi aliketi juu ya benchi akamweleza yote, tangu utelezi wa mabati hadi kidole gumba. Kinyozi alizima mashine iliyokuwa ikinguruma mkononi. "Mbona hukusema, fundi? Mimi nilidhani nacheza na wewe."

Jioni Kinyozi alikwenda nyumbani kwa ndugu wale na mkoba wa kazi. Alitaka kurudisha dhahabu, miji, hata bendera, lakini mchezo haukuwa na mlango wa kurudishia. Basi akamnyoa mgonjwa ndevu, polepole, kwa maji ya uvuguvugu, kama anayemwosha mtoto. Kaka alimshukuru kwa adabu. Hakuulizia vita, wala hakugeuza uso kutoka ukutani.

Fundi alirudi kujaribu mara nyingi. Aliiweka simu kwenye kishikizo, akauinua mkono wa kaka yake, akauegemeza juu ya mto. Kidole gumba kililala kama ukuni uliozimika. Muuguzi alisema pengine ndio ugonjwa, wakati wake ulikuwa umefika. Mama alikuja na taulo bichi, akatafuta pa kulianika, akalitundika kwenye ule waya wa kishikizo kando ya kitanda. Fundi alilitazama likidondosha maji sakafuni, akajua kwamba hakuna atakayeliondoa.

Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.