Ndala ya Rehani

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati hata vifaru walivaa ndala, Bwana Kifaru alikuwa na duka la soda. Ukinywa ya chupa ya kioo, unamwachia ndala moja rehani. Ukirudisha chupa, unapewa ndala yako. Hakuna kioo kilichopotea, maana nani anataka kuchechemea hadi kwa wakwe?

Za plastiki hazikuwa na rehani. Zilitupwa mtaroni, na mtaro ulipita mlangoni kwa Mama Nguchiro, kule bondeni. Zilikwama hapo. Mvua iliyopita, maji yaliingia shimoni, nusura yamzamishe kitindamimba wake ambaye hata macho hajafumbua.

Sasa wingu lilikuwa linarudi, jeusi kama sufuria ya msibani. Mama Nguchiro akapanda kilimani hadi dukani.

"Shikamoo, Bwana Kifaru. Na za plastiki ziwekee rehani."

"Marahaba. Nifukuze wateja kwa ajili ya kishimo chako?"

"Basi njoo uzoe chupa zako."

"Zangu? Ikivuka kizingiti hiki si yangu. Ni ya atakayeiokota."

"Umesikia, shemeji Nyumbu?"

"Nimesikia," alisema Nyumbu, mguu mmoja peku, soda mkononi.

Nguchiro akatimka. Yeye na wanawe wawili wakubwa wakaziokota chupa zote, wakazipandisha kilimani, wakazishindilia mtaroni mbele ya duka. Ngu-ngu-ngu, radi. Tone likampiga puani. Alimfikiria yule mdogo, peke yake shimoni.

"Mama, mvua hiyo."

"Shindilia, mwanangu."

Shwaaa! Maji yakashuka, yakagonga chupa, yakageukia dukani.

"We Nguchiro, toa takataka zako," Kifaru alifoka, amekumbatia gunia la sukari.

"Takataka? Nimeziokota, ni mali yangu. Nimezihifadhi."

"Nitakukanyaga."

"Nikanyage, kisha uzitoe mwenyewe."

Kifaru akaingiza pembe. Ikatoka imevaa chupa. Nyumbu akacheka mpaka soda ikamtoka puani. Maji yakafika kwenye gunia la pili.

"Unataka nini, mama?"

"Chupa yoyote, kioo au plastiki, ndala moja. Sema, Nyumbu asikie."

Kifaru akamgeukia Nyumbu. Akasema.

Chupa zikachomolewa moja moja. Maji yakashuka bondeni, yakapita mlangoni kwa Nguchiro bila kugeuza hata shingo. Ndani, kitindamimba alikuwa anakoroma.

Na tangu siku hiyo Nyumbu hukimbia na mguu mmoja peku, chupa ya plastiki kwapani, akirudi dukani.

Takataka hukosa mwenyewe mpaka izibe mlango wa mkubwa.