Kwa Nini Wanawake wa Kirindi Hawatui Mzigo Penye Bango la Jumbe

Zamani, kabla gari halijaijua njia ya Kirindi, mlima huu ulikuwa na vijia vya mbuzi na vya watu, na mtu alitua mzigo wake popote shingo ilipomshinda. Mtu akifa alizikwa kwao, nyuma ya nyumba, karibu na migomba, na watu wake walijua alipo.

Kisha serikali ya kikoloni ikataka barabara. Amri ikafika kwa Jumbe Kiangi, naye akaigawa kama majumbe walivyozoea kugawa: kila nyumba itoe mtu wa kuchimba na kubeba kokoto. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda kukata mkonge huko bondeni, kwa sababu kodi nayo ilikuwa amri. Kwa hiyo barabara mnayoiona ilichimbwa na wanawake. Nalisema hili mapema kwa sababu halijaandikwa popote.

Nakundwa alikuwa mke wa kijana aliyekuwa mkongeni. Alikuwa na mtoto mchanga wa kike, na yeye mwenyewe bado alikuwa ndani. Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu, analishwa, hashiki jembe wala kuni, mpaka mama mkwe wake amtoe nje kwa heshima. Hata nyumba yenye njaa ililinda jambo hilo. Mama mkwe wake akaenda kwa Jumbe, akasema zamu ya nyumba ile ataishika yeye.

Jumbe akamtazama. "Wewe, bibi, utabeba nini? Unajibeba mwenyewe kwa taabu."

"Nitabeba kidogo kidogo, Jumbe. Mkwe wangu ni mzazi."

"Barabara haijui mzazi. Aje yeye."

Nakundwa akatoka kabla ya wakati wake, mtoto mgongoni, kikapu cha kokoto kichwani. Hakumaliza wiki. Pale kwenye kona, ambapo mlima umesimama, alianza kutoka damu. Akaomba kutua kikapu. Nyapara akamwambia atatua juu, wanakotua wenzake. Akajikokota kidogo, akaanguka pamoja na kikapu, na damu haikukatika. Wenzake walitaka kumrudisha kwao akazikwe migombani, lakini siku ile Jumbe alikuwa na mgeni wake, Mzungu wa barabara, na hakutaka mgeni aone kazi imesimama. Nakundwa akafukiwa palepale kando ya njia, na mstari ukaendelea.

Kesho yake mwanamke wa kwanza kupita alitoa jiwe kikapuni mwake akaliweka juu ya udongo ule. Aliyemfuata naye akaweka. Hawakuwa wamekubaliana. Kila aliyepita alimtolea Nakundwa jiwe la serikali, na vikapu vikafika juu vimepungua. Nyapara alizoea kusema kokoto za Kirindi zina miguu. Barabara ikaisha, desturi haikuisha. Aendaye sokoni aliweka jiwe, atokaye shamba aliweka jiwe, mpaka rundo likapita kimo cha mtu.

Yule mtoto, Nakijwa, alifunguliwa mgongoni mwa mama yake akiwa mzima, akalelewa na bibi yake kwa maziwa ya mbuzi na uji mwepesi. Akakua, akaolewa papa hapa, na kila alipopita kwenye kona aliweka jiwe lake. Hakuachiwa kitu kingine cha mama yake, hata kaniki.

Miaka ikapita, wakoloni wakaondoka, lami ikaja. Wakubwa wakaamua barabara ya Kirindi ipate bango la historia, pale kwenye kona, ili wageni wasimame na kupiga picha. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mjukuu wa Jumbe Kiangi. Kwa kuzaliwa simlaumu. Fundi alihitaji mawe ya msingi, na rundo lilikuwa pale, limekwisha kukusanywa. Nakijwa, sasa mwenye mvi, akaenda kwenye kikao chao.

"Mwanangu," akamwambia mwenyekiti, "yale mawe ni kaburi la mama."

"Bibi, kaburi lina msalaba, au lina jina. Lile ni rundo la mawe."

"Jina lipo. Nakundwa. Liandikeni hapo kwenye bango, hata kwa herufi ndogo."

"Mama yako alikuwa na cheo gani kwenye kazi ya barabara?"

"Alikuwa mzazi."

Wakacheka, si kwa ubaya sana. Mmoja wao akasema, "Sasa bibi, tukiandika wazazi wote bango si litafika bondeni?" Mwenyekiti akamshukuru kwa kuja, akasema maoni ya wananchi yamesikika.

Mawe yakaingia msingini, yote. Juu yake wakapigilia bamba la shaba linalosema kwamba Jumbe Kiangi, kwa kupenda maendeleo, aliwaongoza watu wake kuifungua barabara hii. Mbele ya bango wakajenga benchi pana la saruji la kutulia mizigo, kwa ajili ya akina mama. Benchi hilo walilitangaza sana.

Siku ya uzinduzi wanawake waliagizwa kuleta chakula cha wageni. Wakapanda na mikungu ya ndizi, masufuria ya makande na vibuyu vya pombe ya miwa. Nakijwa alitangulia, mkungu kichwani. Wageni walikuwa wameketi chini ya turubai. Mwenyekiti akamwonyesha benchi kwa mkono, kwa upole kabisa.

"Mama, umechoka. Tua hapo, ni penu."

Nakijwa akasimama. Shingo yake ilikuwa ikitetemeka, kila mtu aliona.

"Mama yangu aliomba kutua hapa akakataliwa," akasema. "Mimi ni nani hata nitue?"

Akapita. Wa nyuma yake akapita na makande, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake tena, na mwenyekiti akabaki ameunyosha mkono. Waliteremka upande wa pili, na chakula kikaliwa huko chini na watoto wa shule. Wageni walikunywa soda, wakapiga picha, wakaondoka na njaa. Bango halikubadilishwa hata neno. Nakijwa alikufa akaliacha vilevile.

Na tangu siku hiyo mwanamke wa Kirindi hatui mzigo penye bango la Jumbe. Awe na kuni, awe na ndoo, awe na mimba ya kukaribia kujifungua, ataimaliza kona ile kwanza, ndipo atue majanini. Wapita njia huuliza kama pana jini. Hapana jini. Wanaume wetu hutua pale, huketi, hucheza bao, na husema saruji ile ina ubaridi mzuri. Bi harusi anayeletwa kwetu huambiwa siku ya kwanza anapotumwa maji: pale usitue. Akiuliza sababu, mama mkwe wake humweleza, kisha humtwika ndoo.