Pimbi na Nyani Katika Mchezo wa Visahani

—Jamani, mmeketi?
—Tumeketi!
—Masikio mmekuja nayo?
—Tunayo, yajaze!

Jumanne, saa nne asubuhi, bonde zima lilikuwa na mkuyu mmoja tu wenye matunda, na Nyani alikuwa juu yake. Alikuwa juu yake tangu Jumamosi.

Pimbi akafika chini ya mti. Alikuwa na watoto wanne, na wote walikuwa hawajala tangu jana.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Ondoka.”

“Naomba makuyu mawili matatu ya watoto.”

“Pimbi wewe!”

“Ndilo jina langu, babu.”

Nyani akacheka hadi mbegu zikamtoka puani.

“Basi tushindane kurusha visahani,” akasema Pimbi. “Nikishinda, mti wangu.”

Visahani vile vilikatwa kutoka kwenye kibuyu, vikarushwa kwenye matenga yaliyotundikwa mitini, karibu na ardhi. Bondeni hakukuwa na mkono wenye nguvu kama wa Nyani.

“Nikishinda mimi,” akasema Nyani, “pango lako ghala langu. Wewe na wanao mtalala nje.”

Pimbi akawatazama watoto wake. Akakubali.

Wakamwita Kongoni awe mwamuzi. Kongoni akasema, “Matenga matatu. Kila tenga mrusho mmoja. Na hapa kwetu mkubwa hutangulia.”

“Bila shaka,” akasema Nyani, akishuka mtini.

“Bila shaka,” akasema Pimbi, polepole.

Tenga la kwanza. Upepo ukavuma, vuuu! Nyani akavuta mkono, akajaza mashavu, akarusha. Fyuuu! Kisahani kikaelekea tengani, kikasukumwa kushoto, kikaangukia kwenye miiba, hatua tano kutoka tengani.

Pimbi akatazama, akahesabu, akarusha. Akalenga kulia, hatua tano. Fyu! Upepo ukakibeba kisahani kushoto. Ta! Ndani.

“Bahati!” akafoka Nyani.

Tenga la pili. Nyani akavuta mkono, akajaza mashavu, akarusha. Upepo ukanyamaza ghafla. Fyuuu! Ta! Ndani.

Pimbi akatazama, akahesabu, akarusha moja kwa moja. Kisahani kikiwa hewani, upepo ukaamka, vuuu! Kikaishia kwenye matope.

“Funga virago,” Nyani akamwambia.

Wakafika kwenye tenga la tatu wakiwa sare, kila mmoja na tenga moja. Nyani akanyanyua kisahani, akakishusha. Alikuwa ameanza kuelewa.

“Safari hii tangulia wewe.”

Pimbi akarudi nyuma hatua tatu. “Mimi? Mbele ya babu? Watasema mama yangu hakunifunza!”

“Mimi ndiye ninayekuruhusu.”

“Babu anazeeka,” Pimbi akamnong’oneza Kongoni, kwa sauti iliyofika hadi ng’ambo ya mto. “Anaanza kutuamkia sisi wadogo.”

“Adabu kwanza!” akasema Kongoni. “Mkubwa atangulie, au nimwite mdogo?”

Nyani kuitwa mdogo! Akavuta mkono, akajaza mashavu, akarusha kwa nguvu zake zote, uso wa kisahani ukiwa juu. Upepo ulikuwa unatoka mbele. Fyuuu! Kisahani kikapanda, kikapanda, kikasimama, kikageuka, kikarudi kikapita juu ya kichwa chake, kikatua nyuma yake. Pwa!

Pimbi akatazama. Akainamisha uso wa kisahani, akarusha chini, karibu na nyasi. Fyu!

Ta!

“Mbili kwa moja,” akasema Kongoni.

Hadithi imefika, mguu wangu umechoka. Funzo lake, watoto: waheshimuni wakubwa. Waacheni watangulie daima, hasa upepo ukivuma.

Nyani aliuacha mti saa sita mchana. Hadi saa tisa alasiri, Pimbi na watoto wake walikuwa bado wanakula, na mtoto wa tatu alikuwa ameshiba hadi akashindwa kushuka.