Sahani ya Masunga

Hapana, methali ile bibi yenu hakuitoa kitabuni. Kamwambia mwenzenu Matika vile kwa sababu Matika kasema maziwa yamemwagwa na mtoto wa jirani, na mtoto wa jirani tangu jana yuko kliniki na mama yake. Mzua mtu humlisha. Mnauliza imetoka wapi. Imetoka kwetu sisi, watu wanne, na wa tano ambaye mpaka leo hajazaliwa. Msinikatize tu, maana mkinikatiza napotea.

Mimi nilikuwa kwenye genge la reli. Kazi yetu kutembea na reli, kukaza nati, kubadilisha mataruma yaliyooza, yale magogo yanayobeba reli. Kambi yetu ilikuwa Ugogoni, mbali na kila kitu. Tulikuwa mimi, Ndahani mwenyeji wa hukohuko, Kapufi aliyetoka Ufipa, na Luhende, ambaye mkewe alikuwa anakaribia kujifungua, basi Luhende hana maneno mengine ila mtoto, mtoto. Kila Jumatatu tunapewa posho: unga, maharage, sukari kidogo.

Sasa siku moja kifuniko cha birika kikapotea. Ndahani anauliza, nani kachukua? Kapufi akajibu kwa uso mkavu, "Masunga." Masunga gani? "Huyu wa tano. Humwoni kwa sababu ni mvivu, halali mahali pamoja na watu." Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Toka siku hiyo, wajukuu zangu, ikawa ugonjwa. Maharage yameungua, Masunga. Mtu kaachia hewa ndani ya hema, Masunga. Mtu akitaka kukaa anasema kwanza, "Masunga, sogea bwana." Watu wazima, wengine tuna ndevu.

Nyapara wetu, yaani msimamizi, alikuwa Mzee Kitundu. Huyo alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimia anatulia kwanza, anawaza unataka nini. Siku hiyo kaja kukagua vifaa, spana kubwa ya kukazia reli haipo. Ile ilikuwa moja tu, na bila ile kazi hakuna.

"Iko wapi?"

Luhende alikuwa anafunga kamba za viatu, wala hakuinua kichwa. Mdomo ukamponyoka. "Anayo Masunga."

Mzee Kitundu akafungua daftari lake, akashuka na kidole jina kwa jina. "Hapa sina Masunga."

Kapufi akacheka. Na mimi nikacheka. Kosa lilikuwa hapo. Tungenyamaza, labda yangeisha. Mzee akatutazama mmoja mmoja, akafunga daftari polepole, akaondoka.

Kuanzia hapo alituchunguza. Anahesabu vikombe. Anatazama nyayo nyuma ya hema. Tukimwambia, mzee, ule ulikuwa mzaha, hakuna mtu, anasema, "Mtu asiyekuwepo huwa hatetewi na watu wanne." Jumatatu akatupunguzia posho. Kasema kama wanne mnaweza kumlisha wa tano, basi unga unawazidi. Hapo tukaanza kumlisha Masunga kweli, kwa njaa yetu wenyewe. Halafu akamgeukia Luhende. "Wewe ndiye uliyemtaja, wewe ndiye uliyemleta. Ijumaa nimwone huyo mtu na spana yangu, au wewe urudi kwenu."

Utani ukafa. Tukaanza kutazamana sisi kwa sisi, maana spana kweli haipo, na mtu kaichukua. Ndahani akawa analala na mfuko wake chini ya kichwa. Kapufi akitoka kwenda msalani, mmoja anasimama kuona kabeba nini. Wakati wa kula hakuna anayekaa. Kila mtu kashika sahani yake, kasimama, macho kwa wenzake. Na aliyekuwa anawashuku wenzake kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi babu yenu. Nilisema, Kapufi ana ndugu mwenye karakana, mjue.

Alhamisi mchana Luhende kakunja godoro lake, kalifunga kamba. Kapufi akapakua ugali, ule mdogo. Luhende akachukua sahani ya tano, akamimina fungu lake lote humo, akaiweka chini mahali pasipo na mtu.

"Masunga," anasema taratibu, "kula, ndugu yangu. Mimi naenda kumwambia mke wangu sina kazi. Wewe unabaki, ushibe."

Hakuna aliyecheka.

"Luhende, fungua godoro," nikasema. "Masunga ni mimi."

Kapufi akadhani ni mzaha tena. "Wewe acha."

"Spana iliniponyoka darajani. Imezama kwenye mchanga wa korongo. Niliogopa kusema."

Ndahani aliweka sahani chini. "Na ndugu yake Kapufi mwenye karakana?"

"Simjui hata kama yupo."

Wakanipeleka kwa Mzee Kitundu, sikuburutwa lakini sikuachiwa nafasi ya kupotea. Mzee akasikiliza, hakuamini. Akasema twende akaione. Tukaenda wote watano, mzee na sisi. Nilifukua kwa mikono, jua kichwani, kucha zikachubuka. Luhende akatazama, kisha akashuka, akapiga magoti, akafukua na mimi. Ilipotoka, mzee aliifuta kwa kofia yake.

"Na sukari iliyokwisha Jumanne?" akauliza.

"Mimi," anasema Ndahani.

"Kifuniko cha birika?"

"Mimi," anasema Kapufi. "Nilikipoteza kisimani."

Mzee akafungua daftari, akalitazama, akalifunga. Mimi alinipa kuteka maji ya kambi nzima mpaka mvua zije. Luhende hakufukuzwa.

Tuliporudi ugali ulikuwa wa baridi. Luhende akaichukua ile sahani ya chini, akanisogezea mimi.

"Mzua mtu humlisha," akasema. "Lakini fungu hili lilikuwa langu, kwa hiyo tukate nusu."

Mzee Kitundu akavuta jiwe la kukalia. Ndahani akaketi, Kapufi akaketi, na sisi tukaketi, tukanawa, tukala.